Mtu Aliyemfanya Rekteri Asubiri

Profesa alikuwa mtu wa kesho. Alisema hivyo mwenyewe, na kwa kuwa kesho haijawahi kufika Rumonge kabla ya saa nne asubuhi, hakuna aliyembishia. Alivaa koti la sufu kwenye joto la ziwani. Alitembea katikati ya barabara kama mtu anayeongoza maandamano ambayo bado hayajapata watu. Akikutana na mtu yeyote, awe mwenye duka au mwenye mbuzi, alisimama, akamshika mkono, akauliza habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa, mpaka mbuzi akalala. Kisha alitazama saa yake na kusema: "Teknolojia haingoji mtu."

Ilingoja sana, teknolojia. Ilimngoja amalize salamu. Ilingoja umeme. Ilingoja ufunguo wa kabati, uliokaa kwa mkuu wa kitivo, aliyekaa Bujumbura.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu huku maswali hayo yameshaleta taabu ya kutosha. Yatosha kusema kwamba alikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka Tanzania baada ya ukimbizi mrefu, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi tuliookota chetu sokoni, tukakichanganya na Kirundi na Kifaransa cha ofisini, tulimsikiliza kama watu wanaosikiliza redio. Ndiye aliyenifundisha kuandika sentensi inayofika mwisho. Kwa hiyo hapa nikimcheka, nitamcheka kwa sentensi zake.

Mimi shule niliiacha mapema. Si kwa umaskini, kama watu wanavyopenda kusikia, bali kwa sababu mwalimu hakutaka maswali na mimi sikuwa na kitu kingine. Tangu hapo nimenunua ndagala, dagaa wa ziwani, Magara alfajiri na kuziuza milimani, nimekamua mawese Kizuka, nimeendesha spika za harusi, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Siku moja nilimpelekea mlinzi wa chuo bidoni ya lita ishirini ya mawese. Kilikuwa tawi dogo la chuo kikuu cha binafsi, makao makuu yakiwa Bujumbura, na hapo Rumonge walifundisha uuguzi. Nikachungulia dirishani. Niliona vijana wamesimama katikati ya chumba, nyuso zao zimefunikwa na miwani mieusi mikubwa kama ya mchomeleaji vyuma, mikono yao ikichuma hewani matunda ya mti uliokwisha katwa. Katikati yao alipita mzee mwenye koti, akisema kwa upole: "Polepole. Mgonjwa ana maumivu."

"Huyo mugonjwa eko wapi?" nilimuuliza mlinzi.

"Eko ndani ya muwani."

"Naweza kumuona?"

"Weye? Kumuona ule lazima ukuwe umesoma."

Nikauliza tena, safari hii kwa sauti na kupitia dirishani. Profesa akatoka. Alijibu maswali yangu yote, moja baada ya jingine, huku darasa lake likiendelea kumtibu mtu asiyekuwepo. Alinieleza kwamba anayevaa miwani ile huona chumba kingine kizima, akigeuza kichwa chumba kinageuka naye, akinyoosha mkono anagusa vitu vya humo. Mwishowe akaniuliza swali lake moja.

"Unaweza kubeba jenereta?"

"Naweza."

"Basi wewe ni teknisyeni."

Ndivyo nilivyoingia chuo kikuu.

Miwani ile ilikuwa imetolewa na wafadhili, na Rumonge iliwekwa kwa majaribio tu. Bujumbura waliitaka. Walisema mji mkuu una umeme, na walisema hivyo kwenye ujumbe uliochelewa kufika kwa sababu umeme wao ulikuwa umekatika. Ikienda, masomo ya vitendo yangeifuata, na wanafunzi wasio na ndugu wa kuwapa kitanda Bujumbura wangeacha. Wengi walikuwa hivyo. Profesa aliwaahidi mbele yangu kwamba miwani haitatoka Rumonge. Aliahidi kwa mkono juu ya kifua, na kwa mtu aliyejua idadi ya wakubwa waliokuwa juu yake, ile ilikuwa ahadi ya kijasiri sana au ya kijinga sana.

Ndani ya miwani kulikuwa na hospitali ya ng'ambo. Dirishani kulianguka theluji. Wodi ilikuwa juu ghorofani, na ili umfikie mgonjwa ulipaswa kubonyeza kitufe cha lifti, usubiri, uingie, ubonyeze tena. Mji wetu hauna lifti hata moja, lakini kwa muda ule ulikuwa na vijana hodari kuliko wote pwani hii katika kuipanda. Kwenye mtihani wa kwanza, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba hatua ya kwanza kwa mama anayevuja damu ni kuita lifti. Profesa alimpa alama zote. "Ni sahihi kwa mujibu wa programu," alisema, na akaenda nje kusimama peke yake.

Aliyeuliza swali lililomuuma zaidi alikuwa Goreti, msichana wa Muhuta, mtoto wa mama muuza samaki wa mukeke, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashua za injini. Alivua miwani, akajifuta jasho.

"Profeseri, wagonjwa ba huko hawana watu?"

"Watu gani?"

"Wa kwao. Nani anawaletea chakula? Nani anakaa chini ya kitanda na sufuria? Mimi nikiingia wodi ya kweli nitakuta shangazi tano kwa kitanda kimoja, na zote zinanipa amri. Hii miwani hainifundishi shangazi."

Darasa lilicheka. Profesa hakucheka. Wiki ileile alianza kuomba kamera inayoona pande zote kwa mpigo, ili tupige somo letu wenyewe, kwenye kituo cha afya chetu, na shangazi zetu.

Kamera ilipatikana. Tatizo ni kwamba Profesa, mtu wa kesho, alikuwa pia mtu wa taarifa. Hakuweza kupiga picha watu kwa kuwashtukiza. Alitangaza kanisani, akatangaza msikitini, akawaomba wagonjwa na ndugu zao wapokee kamera kwa heshima. Kosa lilikuwa hilo neno heshima. Tulipofika, kituo cha afya kilikuwa kimevaa suti. Wagonjwa walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta. Kinamama walikuwa kwenye vitenge vya Pasaka. Mzee mmoja aliyelazwa kwa tumbo, Venanti, alikuwa amesimama kando ya kitanda chake na tai shingoni.

"Mzee wangu," Profesa alimbembeleza, "tunaomba ulale. Wewe ni mgonjwa."

"Nilale mbele ya wageni?"

"Ndiyo somo lenyewe."

"Hiyo picha itakwenda mpaka wapi?"

"Mbali. Pengine hata ng'ambo."

"Emwe! Ng'ambo wanione nimelala?" Mzee Venanti alikaza tai. "Piga hivi hivi. Ugonjwa waandike chini."

Kisha kamera ilipowashwa katikati ya wodi, na watu wakaambiwa inaona kila upande, walifanya kile ambacho watu wenye adabu hufanya mbele ya kamera. Waliizunguka. Wakasimama duara, mabega yakigusana, mikono imeshushwa, nyuso zimekazwa kama kwenye picha ya harusi. Hakuna aliyepepesa. Hata mtoto mwenye surua alinyamaza.

Goreti ndiye aliyevaa kwanza darasani miwani yenye picha ile. Alipiga ukelele.

"Yampayinka! Nimekufa?"

"Umeona nini?"

"Watu wote ba Rumonge wamenizunguka na nguo za kuzikia! Profeseri, nitoe humu!"

Na kweli. Anayevaa miwani alijikuta amesimama mahali ambapo kwa kawaida huwekwa jeneza, akitazamwa na jirani zake wote bila neno. Mtu mwingine angefuta. Profesa aliifanya somo la kwanza, akaliita "Kusalimia." Alitaka kila mwanafunzi azunguke duara lile na kumsalimia kila mmoja, kwa amahoro yake na habari yake, bila kuruka mtu, na mzee Venanti mwisho kwa sababu ya tai. "Muuguzi asiyejua kusalimia," alisema, "ni fundi bomba." Nilimcheka sana. Miaka imepita, nimetibiwa na mafundi bomba wengi, na sichekei tena sehemu hiyo.

Baadaye tulipata somo moja la maana kweli: mama aliyetoka kujifungua, amelala, na hali yake inaanza kubadilika. Aliyelala kuigiza mama huyo alikuwa shangazi yake Goreti, ambaye alikubali kila kitu isipokuwa kuvua kilemba chake cha Jumapili. Kando yake walikaa shangazi wengine, na hao hatukuwafundisha chochote. Kila mtu aliyevaa somo lile alisikia kutoka pande zote: mpe chai, mfunike, usimfunike, mutoto wa nani huyu anayejifanya daktari? Wanafunzi walitoka humo wamelowa jasho. Walisema hospitali ya theluji ilikuwa likizo.

Niseme na habari za bangili. Zilikuja katika boksi moja na miwani, bangili za mpira zinazopima mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye kompyuta. Profesa alisoma mahali kwamba mwalimu wa kisasa anaweza kujua, kwa mapigo hayo, ni lini wanafunzi wako macho na ni lini wamelala na macho wazi. Akawavisha wote. Kwa siku kadhaa alifundisha huku akitazama mistari ikitembea ukutani. Ugunduzi wake mkubwa ulikuwa kwamba mioyo ya darasa zima iliamka kwa pamoja mara mbili kwa siku: harufu ya maharage ilipofika kutoka jikoni kwa mlinzi, na pale Profesa alipotamka "na kwa kumalizia." Alijaribu kutumia elimu hiyo. Alianza kusema "na kwa kumalizia" katikati ya mada. Siku ya kwanza ilifanya kazi. Siku ya pili mioyo iligundua.

Tukamshawishi naye avae. Alivaa, akaendelea kufundisha kwa utulivu mkubwa, mstari wake ukutani ukiwa laini kama ziwa la asubuhi. Mkuu wa kitivo, aliyeshuka kutoka Bujumbura siku hiyo, akafungua mlango kuuliza jambo dogo tu, kama chaki ipo. Mstari wa Profesa ulipanda ukutani, ukaendelea kupanda, ukagusa dari. Profesa alijibu kwa sauti ileile tulivu kwamba chaki ipo. Darasa zima lilikuwa linatazama ukuta. Mkuu wa kitivo pia.

Basi mtu huyu ndiye aliyekuwa na kanuni aliyoirudia kila siku: "Mwanafunzi kwanza." Aliiandika juu ya ubao. Na mtu huyuhuyu hakuweza kunywa maji mbele ya mkubwa ambaye hajanywa. Hotuba zake zote alizianza, "Waheshimiwa, kwa vyeo na sifa zenu," hata mbele ya wanafunzi wanne na mbuzi wa mlinzi. Kila mara wageni walipokuja kuona miwani, walivishwa kwa ngazi ya vyeo, kutoka juu kushuka, na betri ilikuwa na desturi yake ya kufa karibu na mhasibu. Wanafunzi walisimama nyuma wamevaa makoti meupe, wakipiga makofi. Siku ya uzinduzi Rekteri, mkuu wa chuo kizima, hakuweza kufika kutoka Bujumbura, akamtuma katibu mkuu wake, mtu mnene mwenye staha. Katibu mkuu alivaa miwani, lifti ikapanda, naye akamkumbatia padri aliyekuja kubariki vifaa kwa mikono miwili na kukataa kumwachia. Mtu fulani alipiga video. Kufikia Ijumaa ilikuwa kwenye simu za mkoa mzima, pengine na za Uvira.

Kisha ikaja siku ya tume. Rekteri mwenyewe alikuwa anakuja na watu wake, kuamua kama miwani ibaki Rumonge au iende naye. Petroli ilikuwa imekwisha mjini, kama kawaida yake. Umeme ulikuwa umekwenda kuitafuta. Kwa tone la mwisho la jenereta niliweza kujaza miwani moja tu, chaji ya somo moja, si zaidi. Nilimwambia Profesa, na wanafunzi wakasikia.

"Sasa kesho nani atavaa?" Goreti aliuliza.

"Wakubwa, kisha ninyi."

"Kisha sisi na nini? Rekteri atavaa, atasema 'ajabu, ajabu,' chaji itakufa. Tume itaona nini? Itaona Rekteri anashangaa. Hiyo hata Bujumbura wanaweza kuiona."

"Goreti."

"Mwanafunzi kwanza, iko pale juu ya ubao, Profeseri. Au ni mapambo?"

Profesa alitazama ubao kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeandika. "Tutaona," alisema. Kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, "tutaona" maana yake hapana.

Tume iliketi mbele, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa, fanta mezani. Nyuma walijaa kinamama wa soko, waliokuja kumwona Goreti na fanta, kwa mpangilio huo au mwingine. Mimi nilikuwa na spika zangu na mashine ya kutupia picha ukutani, zote kwenye betri ya gari iliyotosha hizo tu. Mhadhiri kijana alishika maikrofoni kama mtu wa itifaki, akasema sasa Profesa awaalike viongozi waonje teknolojia, kwa kufuata vyeo.

Profesa alichukua miwani kwa mikono miwili. Alitembea kuelekea kwa Rekteri. Rekteri alikuwa ameinamia simu yake, akisoma kwa makini kama mtu asiyejali lolote. Profesa alimfikia. Hakusimama. Alimpita Rekteri, akampita katibu mkuu, akampita mkuu wa kitivo aliyekuwa ameshavua miwani yake ya kusomea tayari kwa zamu yake, akaenda mpaka mstari wa nyuma, akamvisha Goreti.

Chupa za fanta zilisikika zikitoa povu mezani.

Picha ya kile alichokiona Goreti ilikuwa ukutani, kwa hiyo wote tuliingia naye wodini. Aliwasalimia shangazi mmoja mmoja. Akanawa mikono hewani. Akamkaribia mama, akaweka kiganja tumboni, akakunja uso. Akainua shuka, akaona damu tuliyoiona sote. Shangazi wakaanza: mpe chai, mfunike. "Mama zangu, nawaheshimu, mukae kimya kidogo," alisema, na huku ukumbini kinamama wa soko wakanyamaza kana kwamba ni wao. Alikanda tumbo, akaita msaada, akamwambia mgonjwa kila alichokuwa anamfanyia, na kile kilemba cha Jumapili kikatikisika kukubali. Ukuta ulipoingia giza, chaji imekwisha, mama mmoja nyuma alikuwa analia, na vijana wawili wa tume walikuwa wanaandika haraka. Walikuwa wamekwisha shawishika, mtu yeyote angeona.

Mhadhiri kijana wa itifaki akamwinamia mwenzake na kunong'ona. Hakuzima maikrofoni. Spika zangu ni nzuri, zilizoea harusi.

"Rekteri hajavaa," zilisema, kwa ukumbi mzima.

Vichwa vyote vikageuka. Rekteri akainuka polepole, akafunga koti.

"Rumonge nimeona teknolojia," alisema. "Heshima sijaiona."

Miwani iliondoka mchana uleule, imefungwa kwenye kitambaa cha meza. Mkataba wa Profesa haukuendelezwa. Wanafunzi wachache wenye ndugu Bujumbura walifuata, wengine waliacha. Goreti alikwenda kuanza upya kwenye shule ya uuguzi ya ngazi ya sekondari, pamoja na watoto aliowazidi miaka. Mimi nilibeba spika zangu nikaondoka, na popote nilipokwenda nilibeba na hadithi. Uvira nilinunuliwa bia kwa ajili yake. Magara wavuvi waliniomba niirudie walipokuwa wakitengeneza nyavu. Kila niliposimulia, Profesa alizidi kurefuka. Kwanza alimpita Rekteri kimya. Kisha alimwambia "ngoja zamu yako." Nilipofika Nyanza-Lac alikuwa amempiga kofi.

Masika iliyopita malaria ilinishika njiani, nikateremka kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Muhuta. Kwenye benchi, kati ya kinamama na watoto wao, alikaa mzee mwenye koti la sufu.

"Teknisyeni," alisema bila kushangaa. "Umekonda."

"Malaria, Profesa. Na wewe?"

"Presha. Nimesikia unanitangaza."

"Nakusifu."

"Nimesikia Nyanza-Lac nilimpiga Rekteri kofi."

"Kule wanapenda kofi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama sakafu. "Tulimzika mwezi uliopita," alisema. "Rekteri. Nilikwenda. Kwa hiyo sasa naweza kukuambia, maana ahadi ilikuwa ya watu wawili na nimebaki mmoja."

Nikamsogelea kwenye benchi.

"Asubuhi ile ya tume, kabla hajashuka garini, aliniita kwenye kioo. Alikuwa ameiona video ya katibu mkuu na padri. Akaniambia, 'Profesa, mimi kitu kile usinivishe. Kichwa changu hakitaki. Mpe mwanafunzi, watu watasema ni unyenyekevu. Lakini mtu asijue nimekuomba.' Nikamwahidi."

Homa ilikuwa inanipiga, nikadhani nimesikia vibaya. "Yaani ulikuwa unatii?"

"Nilikuwa natii kuliko mtu yeyote mle ndani. Kwa mara ya kwanza amri ya mkubwa na kanuni yangu zilikuwa zinatembea njia moja. Nilipita katikati ya viti vile kama bwana harusi."

"Lakini akakufukuza!"

"Angefanya nini? Spika zako zilikuwa zimesema. Asipokasirika, watu wanauliza kwa nini hakasiriki. Aseme anaogopa lifti?"

"Wewe ungesema! Miwani ingebaki. Watoto wale wote wangebaki."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimeahidi pande mbili vitu viwili. Nikatunza kile cha mkubwa."

Mtoto alilia, akanyamazishwa. Profesa alipangusa goti la suruali ambalo halikuwa na vumbi.

"Goreti anajua?"

"Goreti anaamini nilimchagua. Anawaambia watoto wake. Nimejaribu kumweleza mara kadhaa, naanza na 'Waheshimiwa,' nashindwa kufika kwenye jambo lenyewe."

Nilikuwa nimebakiwa na swali moja, na mimi swali haliwezi kukaa kwangu. "Na kama Rekteri asingekuita kwenye kioo? Ungemvisha nani?"

Profesa alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayejipekua mifuko.

"Hilo ndilo swali ninalokuja nalo hapa kila mwezi," alisema. "Wananipima presha."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Goreti, mnene kidogo, koti jeupe, sauti ileile ya kushindana na injini. Alitazama benchi lote, watoto, homa zetu, akaona koti la sufu.

"Profeseri! Wamekukalisha hapa? Ingia."

"Kuna waliotangulia, mwanangu."

"Nimesema ingia."

Profesa alinitazama. Nilidhani atakataa. Aliinuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akampa kila mtu kwenye benchi mkono na amahoro, bila kuruka hata mmoja, akapita mbele yetu wote, mlango ukafungwa.

Mama aliyekuwa karibu nami, na mtoto mwenye homa mapajani, aligeuka.

"Ule nani wa kupita mbele ya watu wote?"

Nilikuwa na hadithi mbili mdomoni, moja ya zamani na moja yenye dakika chache. Mlangoni ilisikika sauti ya Goreti ikicheka, na ya Profesa ikianza, "Waheshimiwa."

"Ni yule aliyemfanya Rekteri asubiri," nikasema.

Mama akautazama mlango. Akamhamishia mtoto paja la pili, akajisogeza vizuri kwenye benchi.

"Ah," alisema. "Basi leo rekteri ni sisi."